Santuri Iliyoteremka Ishiara

Miaka ile ya tisini, baada ya kumaliza kidato cha nne na kabla ya kufanya jambo lolote la maana, kipindi ambacho mama anadai hakijaisha mpaka leo, nilikuwa mtu wa nyumbani. Wenzangu walishuka Makutano kila siku kutazama magari na kutazamwa. Mimi nilikuwa na chumba, dirisha lililoelekea migombani, na mashine ya kuchezea santuri iliyojifunga kama sanduku la nguo. Mwalimu mmoja aliyehama ndiye aliyeniachia, kwa kuwa lori lilikuwa limejaa. Ilitumia betri. Zikichoka nilizianika kwenye bati kando ya mahindi, na jioni nyimbo zilirudi polepole, sauti zikiwa za watu walioamshwa kabla usingizi haujawatosha.

Ugonjwa huu wa vitu vya ajabu sikuwa nao peke yangu. Tata, yaani mdogo wake mama aliyeolewa kule Ishiara kwenye joto, alikuwa mgonjwa kunizidi. Kiondo kimoja cha kusukwa kilipanda na kushuka kati yetu mkononi mwa yeyote aliyesafiri. Kwetu kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukikirudisha hivyo ni kama umemwambia asije tena. Basi kilipanda na ndengu, kikashuka na viazi, na chini ya hivyo vyakula vya heshima mimi na tata tulifichiana mambo yetu. Yeye alinitumia chupa ya dawa ya samawati aliyoichimbua shambani, miiba ya nungunungu, kalenda ya mwaka uliokwisha kabla sijazaliwa. Mimi nilimtumia kaseti nilizorekodi kwenye redio, stesheni za mbali zisizojulikana zilikotoka, mwanamke akiimba kwa lugha nisiyoielewa huku mawimbi yakimfunika na kumfunua.

Tata alijibu kwa karatasi: "Huyo mama wa kaseti analilia nini? Nimepika uji mara mbili nikimngojea anyamaze."

Siku moja mzee jirani, aliyekuwa akiisikia mashine yangu kupitia ua, aliingia na kitu bapa kilichofungwa kwa gazeti.

"Hii mashine yako inasoma hata za kitambo?"

"Za kitambo ndizo inazozijua, mzee."

Alifungua gazeti kama anayemfunua mtoto. Ilikuwa santuri ndogo. Alipokuwa kijana wa kubeba mizigo kwenye lori, yeye na rafiki yake wa gitaa walirekodi wimbo mmoja Nairobi, wakalipwa kwa santuri mbili. Ya rafiki ilivunjika. Ya mzee ilikaa miaka yote chini ya godoro, maana hakuwahi kuwa na mashine ya kuichezea. Baadaye aliokoka, akaacha nyimbo za dunia. Mkewe, niliyemwita nyanya, hakuwahi kumsikia akiimba chochote nje ya kitabu cha kanisa.

"Nyanya yako amezeeka akinicheka kwamba nilidanganya," alisema. "Nataka asikie mara moja tu. Na kusikiliza si kuimba, ama?"

"Si kuimba," nilijibu, kana kwamba nimewekewa mikono na askofu.

"Basi Jumapili, tukitoka kanisani, nitamleta."

Aliniachia santuri niijaribu. Niliijaribu kutwa kucha. Gitaa lilianza peke yake, likitembea kama mtu asiye na haraka kwenye njia ya chai asubuhi yenye ukungu. Kisha chupa ya soda ikagongwa, tin-ti-tin. Kisha kijana fulani, mwembamba wa sauti, akamsihi msichana amngoje mpaka lori lake lirudi. Nililala chali nikitazama dari, na dari ikawa barabara. Siwezi kueleza vizuri. Nilikuwa nimesikia watu wa mbali wakiimba, lakini huyu alikuwa mbali na bado ng'ombe wake alikuwa akila nyasi upande wa pili wa ua wetu.

Kaseti tupu nilikuwa nayo. Kuuhamishia wimbo humo kungenichukua dakika tatu. Nilisema kesho, na kesho ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa bidii umri ule.

Alhamisi betri zilikufa. Nilizipandisha batini, nikaifunga santuri kwa gazeti lake, nikaiweka juu ya meza ya jikoni, nikaenda kuzingojea betri kwenye nyasi. Usingizi ulinipata. Nilipoamka meza ilikuwa tupu.

"Mama, kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Kimeenda kwa tata yako. Kuna mtu alikuwa anashuka Ishiara mbio, viazi sijachimba. Ungetaka kiondo kirudi kitupu?"

"Mama!"

"Kilikuwa kwa gazeti. Nikajua ni takataka zenu."

Ijumaa niliondoka nyumbani, jambo lililowafanya majirani wamuulize mama nani amefariki. Safari siisimulii, aliyezoea kitanda chake huona kila kilima kama tusi. Nilimkuta tata mlangoni, akilicheka jasho langu.

"Joto limekuonea, mtoto wa baridi? Njoo uone nilivyoitendea zawadi yako."

Mezani, juu ya kitambaa cheupe cha kushonwa, palikuwa na bakuli jeusi lenye kingo za mawimbi, limejaa peremende. Alikuwa ameilainisha santuri kwa maji moto na kuikandamiza juu ya kopo la mafuta ya kupikia.

"Mke wa pasta ameniuliza nimenunua wapi," alisema kwa fahari.

Nilimweleza. Aliketi. Nzi mmoja alitembea juu ya peremende.

"Sasa," alisema mwishowe, "nizitoe?"

Alizitoa, akaligeuza bakuli. Chini, palipokuwa pamelalia kopo, palibaki bapa. Alipitisha ukucha. Nje ya karatasi ya katikati palikuwa na mistari mizima, upana wa kidole: mwisho wa wimbo. Kwa bahati ulikuwa upande wenye wimbo wa mzee, si ule wa pili wa watu wengine. Tata alinionyesha walivyosikiliza santuri utotoni bila mashine: pini iliyochomekwa kwenye ncha ya karatasi iliyokunjwa pembe kama ya kuuzia njugu.

Jumapili, nikiwa nimesharudi nyumbani na bakuli, mzee alikuja amevaa koti, naye nyanya kofia yake ya kanisa. Nilikiri yote kabla hawajaketi. Mzee alilishika bakuli kwa mikono miwili, kama mtu aliyefika matangani akikuta wameshazika.

"Kwa hivyo wimbo wako ni sahani ya peremende," nyanya alisema, lakini hakucheka.

Mama, ambaye tangu Alhamisi alikuwa akinipikia vizuri kupita kiasi, alipitisha penseli kwenye tundu, akaligeuza bakuli kifudifudi, akalizungusha polepole. Nilishusha pini. Mkwaruzo. Kisha chupa ya soda. Kisha, kama mbu aliye chumba kingine, kijana akaimba maneno matatu na kunyamaza.

Nyanya alivua kofia.

"Huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Tena."

Tulirudia. Alisogeza sikio mpaka nywele zake zikagusa karatasi.

"Tena."

"Pini inakwangua," mzee alimwonya. "Itaisha."

"Imekaa chini ya godoro miaka yote, ilinifaidi nini? Tena!"

Mara ya sita hapakuwa na chupa wala kijana, ni mkwaruzo mtupu. Mama aliacha kuzungusha. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Na hapo mwanzo," nyanya aliuliza, "huyo kijana alikuwa anasema nini?"

Mzee alikohoa, akatazama mlango kana kwamba wazee wa kanisa wamesimama nje. Akaanza kumweleza kwa maneno ya kawaida: kwamba lori linaondoka, kwamba barabara ina matope. Kwenye matope sauti yake ilipanda kidogo. Kwenye msichana ikashuka, ikajikunja pale pale gitaa lilipokuwa likijikunja, na vidole vyake vikaanza kugonga goti.

"Lakini unaimba," mama alisema.

"Siimbi. Namweleza."

"Mwacheni anieleze," nyanya alisema, macho ameyafumba. "Hapo kwa matope sikuelewa. Eleza tena."