Mkanda Uliombeba Mwandishi Badala ya Gunia

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikaambiwa kwamba mama mmoja mfanyabiashara wa kahawa amefariki baada ya kusumbuliwa na presha kwa muda mrefu. Tulimzika kwao Mahango, mlimani, mvua ikitunyeshea bila huruma. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakupenda kuandikwa. Gazeti, alisema, kazi yake ni kufungia samaki. Hata hivyo alilisoma, na ndivyo tulivyojuana. Miaka michache nyuma niliandika hapa kuhusu mashine za viwandani, naye akanipigia akitaka nimsaidie kuchagua mkanda wa kupandishia mizigo ghalani mwake. Nilimweleza kwamba utaalamu wangu unaishia kwenye koma na nukta. Akasema nije hivyo hivyo, maana macho yake mawili hayatoshi.

Haja yake haikuwa ya kuchekesha. Magunia ghalani hupangwa kwa kupandana, na wapagazi walikuwa wakiyafikisha juu kwa kupanda ubao ulioegemezwa, gunia mgongoni. Mmoja wao aliteleza, akaanguka na mzigo wake, akalazwa hospitali akiwa ameumia uti wa mgongo. Alipotoka hakuweza tena kubeba kitu. Mama alimpa kazi ya kulinda mlango, lakini kila alipompita pale mlangoni aliutazama ule ubao kama mtu anayemtazama mwizi.

Tukaenda Kasese kwa kijana mmoja muuza mashine, gunia la kahawa likiwa nyuma ya gari. Mama alitaka mkanda mrefu unaozunguka ghala zima, kama ule aliouona uwanja wa ndege ukileta masanduku ya wasafiri. Mimi nikasimamia rola, yaani vyuma vya mviringo vilivyopangwa kama ngazi iliyolazwa, ambavyo mzigo huteleza juu yake bila kuhitaji umeme. Umeme wetu mnaujua. Nilieleza kwa kirefu, kwa sauti ninayoitumia katika safu hii, hata nikajipendeza. Tukaliweka gunia juu ya rola. Likasogea kidogo, tumbo likazama katikati ya vyuma viwili, likakwama. Nikalisukuma kuokoa heshima yangu. Likapasuka, kahawa ikamwagika sakafuni. Muuzaji akasema kwa upole kwamba rola hupenda vitu vyenye kitako kigumu, kama makreti na maboksi. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyetaka kusema hivyo hivyo.

Ilibaki mikanda miwili ya mpira iliyoinuliwa mshazari, na hatukuwa na gunia la kuijaribia. Mama akanitazama kuanzia viatu hadi kitambi.

“Muandishi,” akasema, “wewe iko muzito kama gunia. Lala pale tuone.”

Nikalala. Mkanda wa kwanza, uliokuwa laini, ulinipandisha hadi katikati, kisha nikaanza kurudi chini taratibu, miguu mbele, shati likibaki juu. Wa pili ulikuwa na mistari iliyoinuka inayoshika mzigo. Nilipofika katikati mama akaamuru umeme ukatwe, aone kama mzigo utarudi. Sikurudi. Nilining'inia pale huku wao wawili wakizungumza juu ya vipuri, na nani atakayeutengeneza ukiharibika, na kama fundi yupo Kampala pekee. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi wa mkanda ule nawajua wote.

Tuliporudi Bwera wapagazi walikuwa wamekusanyika mlangoni, nyuso zimewashuka. Kiongozi wao, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu humwita Afande, aliuliza kwa niaba yao kama mashine hiyo inakuja kuwasaidia au kuwafukuza. Mama aliingia ndani. Akaukokota ule ubao mwenyewe, akautupa uani.

“Mutu sifukuze,” akawaambia. “Iko huyu ndiyo naachisha kazi.”

Akanunua ule mkanda wa mistari, mfupi, wa pale penye kupanda tu. Kwenye sakafu tambarare wanaume waliendelea na mikokoteni yao. Alidai kitufe cha kuuzimisha kiwepo chini na juu, mtu yeyote akinaswa mwenzake auzime. Sitasema kila kitu kilinyooka. Vijana wawili hawakuiamini ahadi ile, wakavuka kutafuta kazi Kongo, na mama aliumia, akawa anauliza habari zao kwa kila aliyetoka huko. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeanguka katika ghala lile.

Wengi wetu hununua mashine kama tunavyonunua nguo za harusi: tunatazama inavyong'aa na majirani watasema nini. Mimi nilichagua kwa ufasaha, jambo ambalo ni baya zaidi. Mama naye alianza na ndoto ya uwanja wa ndege, ila alikubali ndoto ile ishindwe na gunia lililopasuka, na hakuona aibu. Ukienda kununua mashine, ndugu msomaji, nenda na mzigo wako wenyewe, uujaribu mbele ya muuzaji. Na kabla hujauliza inakwenda kasi gani, jiulize ni mgongo wa nani unataka upone.