Majina Niliyoyataja Juu ya Mawe

Nimshukuru Mungu kwanza, aliyenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili na kuniachia kumbukumbu zangu, hata zile ambazo ningependa azichukue. Jina lake litukuzwe kabla ya maneno yangu.

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, katika miaka ya hamsini, Kisangani yetu ikiitwa bado Stanleyville. Misa ilikwisha lakini hatukurudi nyumbani. Tulibaki ndani ya kanisa letu dogo karibu na maporomoko, tukiutazama ufa mpya ulioshuka ukutani kutoka dirishani hadi chini. Kampuni moja ya Wazungu ilikuwa imeanza kujaribu baruti mtoni. Ilitaka kupasua mawe ya upande wetu ili ijenge gati. Kila ilipolipua, vyungu vilianguka, watoto wachanga walilia, na samaki walipotea siku mbili tatu.

Sisi Wagenia tuliishi kwa mawe hayo. Yana matundu ambamo mababu walisimika miti mirefu na kuifunga kwa kamba za msituni. Kwenye miti hiyo tuliteremsha migono, vile vikapu vikubwa vya kunasia samaki, katikati ya maji makali. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Hapakuandikwa popote, na hakuna aliyekosea.

Mkutano uliongozwa na Papa Atanase, kama tulivyomwita kwa heshima, katekista wetu, mtu asiyepaza sauti hata akikasirika.

"Watakuja kuuliza: hapa iko ya nani?" alisema. "Mutajibu: ya sisi wote. Hapana kutaja jina ya mutu hata mumoja. Wakipata majina, watatuita mumoja mumoja, na mutu akiwa peke yake anaogopa."

Mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Bon! Bwana yangu ataanza kusema hata bibi iko ya sisi wote!"

"Ile hapana!" mumewe akajibu, na kanisa zima likacheka. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile, maana hatukucheka tena pamoja kwa muda mrefu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nilijua Kifaransa, kwa hiyo wazee walinichagua niwe mkalimani wao. Baba yangu aliinamisha kichwa watu wasione jinsi alivyofurahi.

Siku ya tatu mpimaji Mzungu alifika na karani wake, na nikawapeleka juu ya mawe. Alikuwa mtu wa adabu. Aliniita "monsieur", yaani bwana, na hakuna Mzungu aliyewahi kuniita hivyo. Alisifu Kifaransa changu mara mbili. Kisha akaonyesha miti iliyo karibu na ukingo, akauliza ni ya nani.

"Ni yetu sote," nikajibu.

Akatabasamu. "Basi haina mwenyewe. Nitaandika kwamba mawe haya ni matupu, hakuna mtu anayeyadai."

Neno lile, matupu, lilinichoma. Miti ile ilikuwa ya babu yangu na ya baba yangu. Mimi mwenyewe nilijifunza kuogelea chini yake. Nikajiambia kwamba Papa Atanase hakusoma hadi nilipofika mimi, hajui Wazungu wanavyoheshimu kitu kilichoandikwa. Nikataja jina la baba yangu. Karani akaandika. Mpimaji akaonyesha miti mingine, nami nikataja jina lingine, na lingine tena, nikiruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mtu anayeonyesha wageni nyumba yake. Niliwasahihishia hata herufi. Nilirudi nyumbani nikiamini nimetuokoa.

Wiki iliyofuata wito ulianza kuja, kila mmoja kwa jina lake na siku yake. Mmoja aliahidiwa kazi kwenye gati akiachia mahali pake. Mwingine alipewa baiskeli. Aliyebisha alionyeshwa mlango wa gereza. Jumapili iliyofuata tulikuwa wachache kanisani. Waliokuwapo hawakutazamana, kwa sababu hakuna aliyejua jirani yake amekubali nini.

Papa Atanase alinisubiri nje. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Papa. Alisema ataandika kwamba mawe ni matupu."

"Angeandika. Na siye tungesimama wote mbele ya hiyo barua yake." Akafunga mlango wa kanisa. "Mutoto yangu, tulikutuma kubeba maneno yetu. Haukutumwa kuongeza ya kwako."

Baba alikataa peke yake hadi mwisho. Walilipua mchana, wakati wa mvua ndogo. Miti yetu iliinuka, ikaanguka ikielea kuelekea mjini, na palipokuwa na matundu ya mababu pakabaki maji meupe. Jioni nilimwambia baba ni nani aliyetoa jina lake. Hakunipiga, wala hakunitukana. Lakini tangu siku ile, barua ikimfikia, alivuka mtaa mzima kumpelekea Papa Atanase amsomee, nami nikiwa nimekaa mlangoni. Alifanya hivyo miaka minne, hadi tulipomzika.

Mwanangu, leo nawe una shule, na huenda watu wa mtaa wako watakutuma ukawasemee mbele ya wakubwa. Ukitumwa, sema ulichotumwa, kisha nyamaza. Atakayekusifu atakuuliza jambo dogo, au atakuchokoza ili umjibu kwa hasira. Mwambie: nitarudi kuwauliza wenzangu. Usione haya kuonekana hujui. Na kama umeshakosa, sema mapema, kabla ya wito wa kwanza kufika, watu wapate nafasi ya kushikana tena. Mimi nilingoja hadi nilipoulizwa.

Mungu mwenye subira, aliyenivumilia mimi, akuvumilie na wewe unayesoma. Akupe ulimi mtulivu na majirani wasiokuacha peke yako, na nyumba yako isikose samaki wala sala. Amina.