Jeki Chini ya Gari la Mwalimu

Jina la Jeki alipewa siku alipoinua kona ya gari kwa mgongo wake. Enzi hizo alikuwa kijana wa kufagia gereji. Gari dogo la mteja lilikuwa limedumbukiza gurudumu mtaroni, na mafundi wakubwa walikuwa wanabishana nani akaazime jeki kwa jirani. Yeye akageuka, akaegemeza makalio kwenye bampa, akanyoosha magoti. Gari likatoka. Waliokuwepo wakapiga makofi, wakambatiza pale pale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mgongo unauma. Uliuma mpaka akawa analala kifudifudi kama mjusi.

Tangu hapo jina likageuka kazi. Mama mkwe akitaka kuhamisha kabati, mwiteni Jeki. Mdogo wake akikwama chuoni, kaka Jeki apige jeki. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alipofukuzwa kazi kwa mara nyingine, mkewe alisema tu, "Baba watoto, mtafutie kona hapo gereji." Kona ikawa kiti, kiti kikazaa meza, na sasa shemeji ndiye aliyepokea wateja na kutoa ahadi. Kulala chini ya magari kuzitimiza, hiyo ilibaki kuwa kazi ya Jeki.

Gereji yenyewe, sasa mali yake, ilikuwa ua wenye kuta pande mbili, paa la bati, na gogo moja lililokatwa fupi na nene, ambalo makalio ya wateja yalikuwa yamelisugua miaka hadi likang'aa kuliko gari lolote lililowahi kutoka pale. Jeki alikuwa na sheria moja tu. Ukifungua tairi, lilaze chini ya chesisi kabla hujaingiza hata kidole. Jeki likikugeuka, gari litalalia tairi, halitakulalia wewe. Aliwahi kumfukuza fundi mzima, mwenye watoto, kwa kuivunja sheria hiyo.

Asubuhi moja alikuja Mwalimu, mama wa miwani na kilemba. Alimfundisha Jeki Kiingereza zamani, na bado alimkumbuka kama yule aliyekaa karibu na dirisha na mwisho akatorokea hapo hapo dirishani, asirudi. Sasa alikuwa amestaafu, magoti hayana ushirikiano, na gari lake lilikuja linaburuta bomba la moshi kwa kelele za kuamsha mtaa, na tairi la mbele lina pancha, la akiba hakuna.

"Mzee wangu anaruhusiwa hospitali mchana huu," alisema. "Kaniambia nisipofika atashuka ngazi mwenyewe. Mshono bado mbichi, na huyo mtu huwa hatanii."

"Mama, hii ni kazi ya kunywa chai," shemeji akadakia. "Kabla hujaimaliza, gari limepona." Akaliinua gari kwa jeki, akafungua lile tairi, akalipakia kwenye pikipiki na kuondoka nalo kwa wa pancha.

Jeki alilitazama jeki. Lilikuwa linavuja oili tangu juzi. Alishamwambia shemeji wabadilishe sili, ule mpira wa kuzuia oili, shemeji akajibu kwamba litafika Ijumaa. Akatazama mahali tairi lilipotakiwa kulazwa, pako wazi. Kisha akamwona Mwalimu anaangalia saa ya mkononi, anaishusha, anaiangalia tena. Jeki akatandika boksi lake, akalala chali, akaingia.

Kazi ilianza vizuri. Alishika bomba kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine. Ukimya wa Mwalimu ulikuwa unamkosesha raha, maana ulikuwa ukimya wa mtu anayehesabu ngazi za hospitali, basi akamtupia swali.

"Mwalimu, hili neno jeki ni Kiingereza cha kweli, au mafundi tumejitungia?"

Ni kama alimwashia injini. Mwalimu aliinuka kwenye gogo, akasogea, akaegemea boneti kwa mkono kama alivyokuwa akiegemea meza darasani.

"Cha kweli, tena cha mitaani. Lilianza kama jina la mtu. Jack ni John wa nyumbani, wa kubembelezwa. Sasa kule kwao kina John walikuwa wengi mno, mpaka Jack akawa mtu yeyote tu. Mtumishi ambaye bwana wake hajisumbui kujua anaitwa nani. Wewe Jack, hebu njoo."

"Huyo namfahamu," Jeki alisema kutoka chini. "Ni mimi."

"Subiri. Jikoni kulikuwa na kijana wa kugeuza nyama motoni kutwa. Wakatengeneza chuma cha kuigeuza, wakakiita jack. Kulikuwa na kijana wa kumvua bwana viatu. Wakachonga ubao wa kuvulia viatu, nao jack. Kila chombo kilichochukua kazi ya mtumishi kikachukua na jina lake."

"Na mtumishi akachukua nini?"

"Hapo kamusi zinanyamaza."

Jeki akacheka, na tone likamdondokea shavuni. Akadhani ni maji ya bomba. Akakaza nati nyingine. Tone la pili lilikuwa na harufu, na harufu ya oili ya jeki fundi haiwezi kuichanganya na kitu kingine, hata akiwa na mafua. Bomba alilokuwa akilifikia kwa kunyoosha mkono sasa lilikuwa jirani na pua yake.

Akajaribu kujivuta kando. Bega likagoma. Kile chuma kipana kinachobeba injini kilikuwa kimeshamgusa kifua, bila haraka, kama mtu mzito anayekaa kwenye kiti akijua hakuna wa kumwondoa.

Huko juu somo lilikuwa linaendelea. "Hata jaketi ulilotundika pale mlangoni ni ndugu yake. Wafaransa waliwaita wakulima wao Jacques kwa dharau, na koti lao fupi likabaki na jina hilo..." Na kila alipofika kwenye jambo la maana, aliliegemea gari zaidi.

Jeki alijua kitu kimoja: akipiga kelele, mama huyu atashtuka, na mtu akishtuka hushikilia kilicho karibu. Kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kuomba spana.

"Mwalimu. Naomba utoe mkono kwenye gari. Usiusukume, unyanyue tu."

"Nimechafua?"

"Hapana, mama. Gari linanilalia."

Mkono ukatoka. Halafu uso wa Mwalimu ukatokea chini ya bampa, umepinda, miwani inaning'inia sikio moja.

"Nimwite nani?"

Hakukuwa na wa kumwita. Seremala wa jirani alikuwa amewasha mashine ya kuranda, na ile mashine ikilia hata mzinga ukipigwa hausikiki. Shemeji alikuwa kwa wa pancha, na alivyokuwa anapenda soga, angerudi tairi likishaota mvi.

"Hilo gogo ulilokalia," Jeki alisema. Sasa maneno alikuwa anayapunguza, maana kila alipotoa pumzi, chuma kilichukua nafasi yake na hakikuirudisha. "Lilete. Ubavuni kwangu."

Mwalimu alilisukuma kwa mikono, likakataa. Akaliangusha, akalivingirisha kwa mguu, kiatu kikamvuka, akakiacha. Gogo likaja likagonga ukingo wa gari na kusimama hapo. Lilikuwa nene kidogo kuliko nafasi iliyobaki.

"Haliingii," alisema, na sauti yake ikawa ndogo, ya mtoto aliyevunja kitu cha watu.

"Litaingia. Shika mkono wa jeki. Pampu. Ile skurubu ya ubavuni usiiguse. Ukiigusa, jeki linashuka lote, mimi ni zulia."

Alishika, akapampu, oili ikaruka ikampaka hadi kwenye kiwiko. Gari likapanda unywele, likashuka unywele. Akaacha. Macho yalikuwa yameganda kwenye ile oili, na Jeki akaona kwamba akili za mama huyu zinaondoka akiwa amesimama hapo hapo.

"Mwalimu," alisema. "Hujamaliza somo."

"Nini?"

"Maana zake. Nipe zingine. Kila maana, pampu moja."

Mwalimu alimtazama kama anayetazama mwendawazimu. Kisha mgongo wake ukanyooka, maana hilo aliliweza hata usingizini.

"Baharia," alisema, akakandamiza. "Mabaharia waliitwa Jack."

"Ingine."

"Mkata miti. Naye ni jack wa magogo."

"Ingine, haraka. Linashuka."

"Karata. Ile yenye picha ya kijana, yenye J. Punda dume. Bendera ndogo ya mbele ya meli." Sasa alikuwa anapampu kwa uzito wa mwili wote, kilemba kimemwangukia begani, oili inaruka kila upande. "Tundu la kuchomekea spika za masikioni. Ule mchezo wa kokoto wa watoto. Jekipoti ya wacheza kamari, nayo asili yake ni ile ile karata ya J."

Kifua kikapata hewa. Si nyingi, lakini ilikuwa yake.

"Gogo," Jeki alisema.

Alilipiga teke kwa mguu usio na kiatu. Likaingia nusu, likakwama, akalipiga tena, na safari hii akatoa neno ambalo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kulisikia. Likaingia. Jeki alitoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akawa mwembamba kama karatasi, akachimba visigino ardhini na kujivuta. Vifungo vya ovaroli viling'oka kimoja kimoja. Kichwa kilipotoka juani, nyuma yake jeki likatoa mlio kama mtu anayepiga chafya, likaisha nguvu. Gari likashuka, likatua juu ya gogo, gogo likalia, likavumilia.

Walikaa chini wote wawili, mgongo ukutani. Mashine ya seremala ikazimika.

Shemeji aliingia na pikipiki, anapiga mluzi, tairi begani. Akaona gari juu ya gogo, akaona Mwalimu ana kiatu kimoja na oili hadi kwenye nyusi, akaona ovaroli isiyo na vifungo. Mluzi ulikatika. Lakini mtu na mazoea yake. Alijaribu kulishusha lile tairi, likamzidi, na mdomo ukamtangulia.

"Jeki, hebu nishikie hapa mara moja."

Miguu ya Jeki ilishaanza kujikunja ili isimame. Aliihisi, akainyoosha tena.

"Shika mwenyewe, shem."

Shemeji akangoja utani uishe. Haukuisha. Akalishusha tairi peke yake, kwa shida, likamkanyaga kidole. Jeki akalivuta lile jeki kwa mguu, akafungua skurubu ya ubavuni, akalilaza mpaka oili iliyobaki ikanywewa na mchanga.

"Hilo lingefika Ijumaa," shemeji alisema taratibu.

"Mimi nisingefika. Pikipiki ina mafuta?"

"Ipo sawa."

"Nenda hospitali. Mzee wa Mwalimu asishuke ngazi, mwambie mkewe anakuja. Ukae naye huko kidogo, umshike mkono mpaka akubali kusubiri. Ukirudi, njoo na jeki jipya, kisha wewe ndiye utakayeingia chini kumalizia lile bomba. Tairi nitalilaza mimi."

Shemeji alimtazama Mwalimu, akitafuta mtetezi. Mwalimu alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya kilemba, anazidi kuipaka oili.

"Umemsikia," alisema. "Mlango wa pili, ghorofa ya juu. Na usikimbie na pikipiki."

Mlio wa pikipiki ukapotea mtaani. Jeki akajipapasa kifua, akakuta mstari mwekundu kutoka bega hadi bega, akaufunika tena kwa nguo.

"Zimebaki maana ngapi?" akauliza.

"Nyingi."

"Basi tukae kwanza."

Na wakakaa.