Baruti ya Polepole

Nilimchukia fundi mkuu kwa miezi saba, na mpaka leo sijutii hata mwezi mmoja.

Karakana yetu ya bunduki ilikuwa upande wa Westville, hapa Durban, nyuma ya duka la vifaa vya wawindaji. Niliajiriwa kwa ajili ya mashine ya kukereza vyuma, kazi niliyoijua tangu Bukavu. Wawindaji wa Durban hufunga kizuia sauti mdomoni mwa bunduki, kwa hiyo kutwa nilikuwa nafupisha mitutu na kukata hesi, ile mifuo ya skrubu, za kufungia kizuia hicho. Nilikuwa na furaha. Halafu mtutu mmoja ukatoka na hesi iliyopinda, risasi ikararua kizuia sauti cha mteja, na fundi mkuu akamwambia bosi kwamba aliyeukata ni yule mkimbizi, yaani mimi.

Aliukata yeye mwenyewe. Siku ile, ambayo iko mpaka leo kwenye daftari la kazi, mimi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi, kwa sababu karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imeisha muda siku mbili nyuma. Bosi alikuwa safarini, ruhusa nikaiomba kwa fundi mkuu na sababu nikamweleza, kwa ujinga wangu wa kudhani kwamba mtu ninayekula naye mkate ni rafiki. Yeye alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba bosi hataki mtu asiye na karatasi halali karibu na bunduki. Nikijitetea, nafukuzwa. Basi nikameza. Nikaondolewa kwenye mashine yangu, nikapewa ndoo na brashi ya kuoshea vizuia sauti.

"Wewe osha tu," aliniambia. "Kufikiri niachie mimi."

Nikaosha, na nikafikiri. Vizuia sauti vya bunduki zenye mtutu mrefu vilitoa masizi tu. Vile vya mitutu mifupi vilimwaga punje za baruti ambazo hazijaungua. Fundi mkuu alikuwa na kopo lake la baruti inayoungua polepole, iliyotengenezewa mitutu mirefu, naye aliipenda kama watu wanavyopenda chumvi: kila mahali anatia. Kwenye mtutu mfupi baruti ile haina nafasi ya kumaliza kuungua. Inatoka ingali inawaka, inalipukia ndani ya kizuia sauti, na mwenye bunduki anapata kishindo alicholipia kukiondoa. Punje hizo nilizihifadhi kwenye vichupa vya dawa ya kikohozi, kila kimoja kimeandikwa urefu wa mtutu wake. Nyumbani vilijaa rafu nzima.

"Papa, unyamaze tu," mke wangu aliniambia. "Kazi iko moja, na batoto beko batatu."

Nilimwambia nimeshanyamaza vya kutosha.

Ndipo akaja mkulima wa miwa. Nguruwe pori walikuwa wanamlia shamba, sikio lake moja lilikuwa limekufa kwa milio, na mbwa wake alikuwa akikimbia kila bunduki inapolia. Alitaka bunduki fupi ya kuingia kwenye bakkie, gari lake la mizigo, hata kizuia sauti kikiwa kimefungwa. Fundi mkuu akaufupisha mtutu, na hapo hakukosea. Kisha akafungua kopo lake lilelile.

Nilimfuata bosi mbele ya mkulima, makusudi, ili asiweze kunifukuza kimyakimya. Nilimwomba aniruhusu nijaze risasi tano kwa baruti inayoungua haraka zaidi, kwa vipimo vya kitabu, naye avikague. Fundi mkuu alicheka. Mkulima hakucheka, akasema tujaribu.

Kwenye uwanja wa shabaha nilitandika chini, mbele ya mdomo wa bunduki, shuka jeupe nililolitoa kitandani kwangu. Mkulima akapiga risasi tano za fundi mkuu. Shuka likajaa punje kama mtu aliyemwaga ufuta, na mbwa akaingia chini ya bakkie. Nikalikung'uta, nikamsubiri mbwa atoke. Mkulima akapiga zangu. Shuka likabaki jeupe, na mbwa akainua kichwa tu, akatutazama.

"Nani alikufundisha?" bosi aliuliza.

"Ndoo," nikasema. Kisha nikatoa karatasi yangu ya ukimbizi mfukoni, nikamwonyesha muhuri na tarehe yake. "Linganisha na daftari, bosi. Siku mtutu ule ulipoharibika nilikuwa foleni. Ndiyo, nilifanya kazi siku mbili bila karatasi. Kama ni kunifukuza, nifukuze kwa hilo, si kwa hesi ya mtu mwingine."

Bosi aliusoma muhuri, akainakili tarehe yake. Fundi mkuu alikuwa anakunja shuka langu ambalo hakuna aliyemwomba alikunje.

Kesho yake, daftari likiwa limekubaliana na muhuri, nilirudishiwa mashine. Bosi aliniuliza kama nataka fundi mkuu afukuzwe. Nikasema hapana, ana watoto, aachwe, apewe ndoo. Bosi alinisifu kwa moyo wangu mzuri. Sikumrekebisha.

Kila mtutu niliokata ulihitaji kujaribiwa, na risasi za majaribio nilizijaza mimi. Za wateja nilizijaza kwa baruti inayowafaa. Za majaribio nilizijaza kwa ile ya polepole, jioni nikampelekea fundi mkuu vizuia sauti vimejaa punje, nikasimama nikimwangalia anavyosugua. Bosi alipouliza mbona bado naitumia, nilimwambia namalizia kopo.

Lilipoisha nilinunua lingine, kwa pesa yangu.