Maji Aliyoyaomba Moraa

Siku moja ya ujana wangu haijanitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Manga, na ukoo mzima ulikuwa umeteremka bondeni kwa risaga, ile kazi yetu ya pamoja, tukizoa tope na majani kwenye chemchemi. Mara akaja afisa wa serikali na lori la mabomba. Akasema kila boma litapata mfereji wake mlangoni. Wanaume wakatupa majembe, sisi wanawake tukapiga vigelegele.

Mama mkwe wangu, Moraa, ndiye peke yake hakutoka topeni. Nilimwita tupande tukasherehekee na wenzetu. Akanitazama.

"Wewe mtoto, hayo mabomba umeyaona na maji ndani?"

Nikacheka. Nilimwona mshamba, Mungu anisamehe.

Basi mabomba yakafukiwa, mifereji ikasimikwa, afisa akapigwa picha na kwenda zake. Nasi, tukiona bonde halina kazi tena, tukapanda mikaratusi kuizunguka chemchemi, tupate nguzo za kuuza. Unajua mti huo unavyokunywa maji. Mfereji wetu haukutoa hata tone. Tukawa tunaanika nguo juu yake. Tulipokumbuka kurudi bondeni, chemchemi ilikuwa imekauka. Tukaanza kuteka mtoni, ng'ombe wakinywa upande wa juu.

Moraa alipougua ugonjwa wake wa mwisho, hakutaka chai wala uji. Aliomba maji ya chemchemi, kikombe kimoja tu. Nikampa ya mtoni, niliyoyachemsha vizuri. Akaonja, akanirudishia kikombe taratibu.

"Haya siyo," akasema.

Hakuniomba kitu kingine tena. Inaniuma mpaka leo, wala sikufichi.

Sasa nasikia wamekuja tena na mabomba, haya ya plastiki, nawe umechangamka. Changamka, mwanangu. Maji ni haki yenu. Yadaini bila woga, na wakiondoka bila kuyaleta, wafuateni mpaka ofisini. Lakini ile mikaratusi ikateni, mng'oe na visiki vyake. Rudisheni risaga. Usiweke jembe chini kwa sababu mtu amekuahidi kitu, subiri mpaka uyakinge maji hayo kwa mkono wako.

Mungu akubariki, na siku mama yako atakapoomba maji, akujalie uwe nayo.