Wimbo Uliokuwa Ukishuka

Tulikuwa sita na hatukuwa na kiongozi. Hili la kukosa kiongozi tulilisema kwa fahari, kama wengine wanavyosema wana gari. Tulipiga soul na funk kila Jumapili baada ya alasiri, ndani ya ghala moja Bondeni, katikati ya miaka ya tisini, wakati hoteli za pwani zilikuwa zimeanza kuziacha bendi nzima nzima na kumwajiri mtu mmoja mwenye kinanda na kanda.

Ghala lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Mwislamu kama wengi wetu, aliyeweka humo majora ya vitambaa. Nilipatana naye mimi, maana kila palipohitaji mtu wa kubishana niliitwa mimi. Masharti yake yalikuwa matatu: tusipige wakati wa adhana, tusiyakalie majora, na tusiwafundishe wanawe muziki. Nilijaribu kumfanya aliondoe la pili, kwa kuwa hatukuwa na viti. Aliniambia nichague: nikae au nipige. Tulipiga tumesimama kwa miaka.

Mimi nilikuwa na tumba mbili, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja. Mwenye tumba hana la kuchagua juu au chini. Kazi yake ni kuhesabu, na mimi huhesabu mara mbili hata bila kuombwa. Alikuwepo mpiga besi, karani wa bandarini. Alikuwepo mpiga gita, fundi wa redio. Mpiga kinanda alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwimbaji wetu alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Kilifi, Mgiriama, aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa na kuajiriwa kushona sare za hospitali hapo hapo Bondeni. Wa sita alikuwa mpiga tarumbeta. Huyo alitupita umri sote, na sote tulimwita Ami, kama mtu anavyomwita ndugu wa babake, ingawa hakuna aliyekuwa mtoto wa nduguye.

Ami alijifunza tarumbeta ujanani, akifuata maandamano ya arusi za Mji wa Kale. Siku za kazi alilinda duka la masanduku ya nakshi, na watu waliosimama mbele yake walisimama kumuuliza njia ya kwenda ngomeni. Aliwaonyesha kwa kidole, akarudi kukaa. Jumapili alikuja na kisanduku chake kimefungwa kitambaa, na hapo hakuna aliyemuuliza njia.

Jino lake la mbele, la juu, lilianza kucheza. Asiyejua tarumbeta anaweza kuliona hili dogo. Tarumbeta huegemea midomo, midomo huegemea meno, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo msukumo unavyozidi. Daktari wa meno alimwambia ling'olewe kabla halijaanguka lenyewe, na kwamba la bandia halitamudu kazi ile. Ami alimshukuru, akatoka, akanunua karafuu. Jino likitoka, Ami hatakuwa mpiga tarumbeta. Atabaki mwonyesha njia ya ngomeni. Hayo alinieleza mwenyewe siku moja nilipopita dukani, akaniapisha nisimwambie mtu. Baadaye nilikuja kujua kuwa kila mmoja wetu, ila mwimbaji, aliapishwa peke yake.

Sasa niseme juu ya sheria yetu, kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Sheria ilikuwa moja: wimbo hauna mwenyewe. Anayetaka kuugeuza augeuze humo humo tukiwa twapiga, bila kutangaza. Wenzake wakimfuata, mageuzi yamekaa. Wasipomfuata yamekufa, wala haulizwi mtu alitaka nini. Tuliona huo ndio uungwana, kwamba hakuna anayeomba na hakuna anayekataliwa. Nyimbo zetu nyingi zilipatikana hivyo, na baadhi zilikuwa nzuri.

Mmoja ulikuwa mzuri kuliko wote. Ulianza na besi peke yake, ikaja gita, ikaja sauti ya dada, na ukifika katikati vyombo vyote vilinyamaza ghafla, tarumbeta ikapanda peke yake kwa mapigo manane, juu kabisa, kisha sote tukaingia pamoja kama watu waliosukuma mlango mmoja. Palipochezwa wimbo huo watu waliacha sahani zao.

Jumapili moja besi aliuanza wimbo huo chini kidogo. Alisogeza kidole nyuma kwenye shingo ya gita lake, tukamfuata kwa mujibu wa sheria. Baada ya majuma machache alikuwa mpiga gita aliyeanza, akateremka tena. Halafu mwalimu wa kinanda. Chombo chake kilikuwa na kitufe cha kuteremsha, hakuhitaji hata kusogeza kidole. Kila mara Ami alibadilisha vidole vyake kwenye vitufe vya tarumbeta, akaujifunza wimbo upya mbele yetu bila kunung'unika. Kila mara dada aliteremka naye, mpaka beti zilizokuwa zikipaa zikawa kama mtu anayesema usingizini.

Mimi tumba zangu haziteremki, lakini masikio ninayo. Niliwaendea mmoja mmoja. Besi nilimpata nje ya lango la bandari. Akaniambia alishusha kidogo kwa ajili ya jino la Ami, na nisiseme. Mpiga gita aliniambia hayo hayo akiwa amefungua tumbo la redio ya mtu. Aliona besi ameshusha kwa ladha yake tu, akaona jino bado lataabika, akaongeza la kwake. Mwalimu naye alidhani wawili wale wameshusha kwa ladha. Nikahesabu: watu watatu, huruma tatu, hakuna aliyejua ya mwenzake. Nikahesabu tena, bado ni tatu.

Wakati huo huo nilikuwa nimeshapatana na mama mmoja wa Kizingo aliyekuwa akimwoza bintiye. Sherehe ingekuwa bustanini, kuanzia saa tisa mpaka jua likielekea kuzama. Alitaka tusimame juani ili wageni wapate kivuli. Nilimwambia kinanda cha umeme kikipigwa na jua hujiimbia chenyewe, na lolote kitakaloimba lawama itakuwa juu yake. Akatupa mwarobaini wa pembeni. Alitaka tule baada ya wageni. Nilimwambia mpiga tumba mwenye njaa hupiga haraka, na nilikuwa nimewaona wageni wake wengine wanatembelea mikongojo. Akatupa meza. Kisha akaniuliza kama yule mzee wa tarumbeta atakuwepo, maana aliwahi kumsikia kwenye dansi moja, na wimbo ule wa mapigo manane ndio aliotaka bibi arusi aufungulie uwanja. Nikasema atakuwepo. Katika mapatano yote ya siku ile, hapo tu sikubishana.

Jumapili ya mwisho kabla ya arusi dada hakuja mazoezini. Kesho yake nilimfuata kwenye cherehani yake. Hakunitazama, aliendelea kukunja pindo la sare.

"Kama sauti yangu imekwisha, mngeniambia," alisema. "Mwaniteremsha kidogo kidogo kama mgonjwa anayeshushwa ngazi. Mimi si mgonjwa."

Nilimwambia si yeye.

"Basi ni nani?"

Kiapo kilinizuia kusema, lakini kidole changu kiligusa jino langu la mbele, na hilo likamjibu. Alisimamisha cherehani. Sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa, akasema ataimba huko huko chini, na kwamba Ami asijue kuwa yeye anajua. Nikaondoka Bondeni nikiwa na siri nyingine tena. Sasa zilikuwa nyingi kuliko nyimbo.

Siku ya arusi tulifika mapema. Nilihesabu viti, soketi na sahani za meza yetu. Sahani zilikuwa tano. Nikazihesabu tena, nikamfuata mpishi, tukaelewana. Ami alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kazi ya mkono. Alinukia karafuu kutoka hatua kadhaa.

Tulianza na nyimbo nyepesi, zikaenda vizuri. Watu walitikisa mabega. Kisha mama yule akaja kwangu na kusema sasa ule wimbo, na bibi arusi akasimama katikati ya majani akiwa ameshika pindo la gauni lake.

Besi akauanza. Hata yeye naona aliogopa, maana aliuanza chini kuliko ulivyokuwa mazoezini. Dada akaingia. Sauti yake ilikwenda chini ikakosa pa kukanyaga. Maneno yalisikika, wimbo haukusikika. Bibi arusi alicheza kwa adabu. Alicheza kama mtu anayesubiri. Wazee waliokuwa wamesimama wakakaa, na mwanamke mmoja mezani akamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu asiyejua kuwa anasikika, kwamba msichana huyu hana sauti, labda ni jamaa ya mmoja wao. Dada alisikia. Aliendelea kuimba. Lakini kabla ya yale mapigo manane aligeuka kidogo, akautazama mdomo wa Ami. Alimtazama vile watu wanavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea.

Ami aliuona mtazamo ule. Aliishusha tarumbeta. Mapigo yake manane yalikuja yakapita, nasi tukaingia mahali petu hovyo, kila mtu kwa wakati wake. Alitembea mbele ya wageni wote mpaka kwenye kinanda, akaweka mkono juu ya mkono wa mwalimu, nasi tukanyamaza mmoja mmoja.

"Urudisheni juu," alisema, akimwonyesha dada kwa kidevu. "Pale pa zamani. Wimbo ni wa huyu mwana."

"Nawe, Ami?" mwalimu alimuuliza.

"Mimi nitausikiza."

Besi akaanza juu, pale pa zamani, nami sikuwahi kumsikia dada akiimba vile, si kabla wala baada. Yule mwanamke wa mezani alikuwa wa kwanza kusimama. Tulipofika katikati, vyombo vikanyamaza kama kawaida, na Ami akasimama kando yangu na tarumbeta kifuani, mdomo umefungwa. Nilihesabu mapigo manane kimya kimya, polepole kuliko nilivyowahi kuhesabu kitu chochote. Bibi arusi alikuwa ameinua mguu. Aliuacha hewani hivyo, akicheka, akidhani ndivyo wimbo ulivyo. Tukaingia pamoja. Wakapiga makofi.

Tulipokuwa tukikunja nyaya chini ya mwarobaini, Ami alikuwa akikifunga kisanduku chake na kitambaa. Alisema bila kuinua kichwa:

"Mimi niliona mwamsitiri huyu mwana. Nikanyamaza, kwa kuwa nami nilikuwa napata nafuu hapo hapo."

Dada alijibu kuwa naye, mpaka majuzi, alidhani ni yeye anayesitiriwa. Nilitaraji watacheka. Ami alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

Siku chache baadaye jino lilitoka lenyewe, alipokuwa anakula mkate. Wiki zilizofuata alikuja mazoezini mikono mitupu na kusimama karibu na mlango. Tulipiga wimbo ule kila Jumapili, juu, na katikati tuliacha yale mapigo manane matupu. Hakuna aliyepanga. Yalibaki hivyo kwa mujibu wa sheria: kila mtu angeweza kuyagusa, hakuna aliyeyagusa. Tuliona ni heshima. Mimi mwenyewe nilianza kuwatangazia wateja kwamba hiyo ndiyo sehemu nzuri, na mteja mmoja wa Makupa aliniuliza kama kwa sehemu isiyopigwa tutampunguzia.

Jumapili ya nne au ya tano, mapigo manane yalipopita, Ami aliinua mkono kutoka mlangoni kama mtu anayesimamisha gari.

"Jazeni hapo," alisema. "Kila juma mwanisomea hitima kama maiti, nami nimesimama hapa. Na mara hii pia hamkuniuliza."

Hakupandisha sauti. Ndiyo maana hakuna aliyejua afanye nini na macho yake. Mpiga gita aliyatazama majora. Mimi niliyehesabu huruma tatu nilitambua kuwa hii ilikuwa ya nne, na nilikuwa nimeipa bei na kuitembeza mjini.

Mwalimu akatafuta kwenye kinanda chake kitufe chenye sauti ya tarumbeta. Tulirudia kutoka mwanzo. Katikati tukanyamaza, akapiga yale mapigo manane. Ilikuwa sauti ya mbuzi aliyefungiwa kwenye debe. Nilimtazama Ami nikitaraji atakataa, na naungama kuwa nilitamani akatae. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, na ulimi wake ulikuwa ukipapasa pale palipokuwa na jino.

"Waingia mapema," alimwambia mwalimu. "Mwache mtu atie shaka kidogo, kisha uingie."

Akamfanya arudie mpaka aliporidhika au alipochoka, sikuweza kutofautisha. Kisha akatuaga kwa salamu kamili, mmoja mmoja, akauliza jamaa za kila mtu, akatoka. Jumapili iliyofuata tulimngoja mpaka mwenye ghala akaja kuuliza kama tumekufa. Hakuja, wala hakuja tena. Nilipopita dukani kwake tulizungumza bei ya sukari na afya ya watu. Nilijaribu mara mbili kumleta kwenye mazungumzo ya wimbo, na mara zote mbili akasimama kumwonyesha mtu njia ya kwenda ngomeni.

Tuliendelea watano kwa muda, mpaka ghala likauzwa. Mwalimu aliupiga wimbo ule kwa kitufe chake cha mbuzi kila tulipokwenda, na kila mara alichelewa kidogo kuingia, vile vile alivyoelekezwa. Mimi ndiye mwenye kuhesabu, na nilijua kuwa atachelewa. Hata hivyo, kila mara, katika ule upenyo, nilidhani amesahau, na mkono wangu ukaanza kunyanyuka juu ya tumba, kuujaza.