Gurudumu la Nyuma Kushoto

Kaka yangu alifia kwenye mteremko unaotoka ukingo wa kreta kwenda geti la hifadhi, asubuhi yenye ukungu, akirudi kutoka kushusha kabichi kwenye jiko la hoteli kule juu. Taarifa ya polisi ilisema mwendo kasi. Majirani kule kijijini Endamarariek walisema pombe, ingawa hakuwa mnywaji. Mkewe alisema breki, na hakuna aliyemsikiliza.

Pikapu haikuharibika sana, kwa sababu miti iliidaka. Bodi ilinyooshwa Arusha, ikarudi juu ya lori ikiwa na rangi mpya, na mimi nikapewa kazi ya kuitafutia gereji ya breki hapa Karatu kabla haijarudi kwenye biashara. Shemeji aliniaga akiwa mlangoni. Hakuisogelea.

"Wakiifungua, shemeji, angalia vizuri. Nataka kujua kama alikosea yeye."

Kiti cha dereva kilikuwa bado kimevutwa mbele, kwa kipimo cha miguu ya kaka. Nilipokisukuma nyuma, vumbi jekundu la mlimani lilimwagika kutoka kwenye reli zake. Nilikirudisha kilipokuwa, nikaendesha hadi mjini magoti yakigusa usukani.

Nikichagua gereji sianzi na bei. Nasema tu kwamba breki hazishiki vizuri, halafu naangalia fundi anafanya nini kabla ya kutaja pesa.

Gereji ya kwanza, karibu na stendi, ndiyo kaka aliyoizoea. Mafundi walilitambua gari kabla sijazima injini, na mazungumzo yakakatika. Mmoja akajaribu kuchangamsha: "Mzee, hiki chuma hakifi! Kitatuzika sote!" Wenzake hawakucheka. Fundi mkuu alikanyaga pedali mara mbili tatu, bila jeki, bila kufungua gurudumu hata moja.

"Pedi za mbele tu, mzee wangu. Jioni unachukua."

Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliona aibu kukataa. Alikuwa ameitaja akitazama barabarani. Nikamwambia nitafikiria.

Gereji ya pili iko nje kidogo ya mji, na fundi wake alitengeneza magari ya watalii kwa muda mrefu. Aliinyanyua pikapu, akatoa magurudumu yote manne, ndipo akapiga hesabu: pedi za mbele, lining za breki za nyuma, silinda moja ya gurudumu, oili ya breki, kazi ya kutoa upepo kwenye mabomba. Ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya stendi. Nilikuwa najiandaa kulalamika aliponiita.

"Njoo uone huku, nyuma kushoto."

Alilegeza bomba la breki linaloingia kwenye gurudumu. Halikudondosha hata tone. Akachokoa kwa waya, na gololi ndogo ya chuma ikaangukia kiganjani mwake.

"Hii tunaifanya wote," alisema. "Silinda ikivuja na spea haijafika kutoka Arusha, unaziba bomba la gurudumu moja, gari inatembea na breki za matatu. Hapa mjini, tambarare, mpaka spea ije. Siyo kreta. Kule mteremkoni breki zilizobaki zinachemka, pedali inazama."

"Dereva anajua?"

"Lazima aambiwe."

Nilirudi stendi kwa miguu, gololi mkononi. Fundi mkuu hakuuliza ni kitu gani.

"Nilimwambia, mzee. Mungu ananiona. Nikamwambia asipande nayo. Akasema kabichi zimeshakatwa, zitaoza, anapanda mara hiyo tu." Akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Mpaka leo naisikia ikiingia hapa. Naamka nafungua geti, hamna kitu."

Shemeji nilimweleza yote kama nilivyoyasikia, kwa kuwa aliyataka. Kaka alijua, nikamwambia. Alipanda akijua.

Hakulia. Alikuwa akitazama shamba la kabichi.

"Alinipigia simu kutoka gereji," alisema. "Akasema nisikate kabichi mpaka gari ipone. Nilikuwa nimeshakata."

Akanigeukia.

"Wape kazi wale wa bei kubwa," akasema. "Halafu unipeleke kule."

Gari lilipokamilika tulipanda hadi ukingoni, tukageuza, tukaanza kushuka kwa gia ya pili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara, na miti ilijitokeza mmoja mmoja. Tulipoikaribia kona aliyofia kaka, nilitazama kushoto kwangu. Mguu wa shemeji ulikuwa umekandamiza sakafu, mahali pasipo na pedali.

Nikakanyaga breki. Gari likasimama limenyooka, halikuvuta upande wowote.

"Imeshika," nikasema.

"Nimeona." Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukungu. "Achia, shemeji. Usisimame hapa."

Niliachia. Yeye hakuachia mpaka tulipofika getini.